Mbao ya maua ipo mpakani, na si lazima uuze ng'ombe

SHEMEJI yangu aliporejea nyumbani Busia mwaka wa 2022, baada ya kuishi ng'ambo kwa karibu miaka ishirini, alikuta mambo mawili yakimsubiri. La kwanza lilikuwa shamba lililomezwa na magugu. La pili lilikuwa bunduki ya marehemu babake.

Si bunduki ya kutisha majirani. Ni ile ya zamani ya kuwindia, iliyonunuliwa siku ambapo Mkenya mwenye leseni aliweza kuingia porini, akatafuta kitoweo na kurudi nyumbani bila kukimbizwa na askari wa wanyamapori. Uwindaji ulipigwa marufuku nchini Kenya mwaka wa 1977. Mzee aliendelea kuiweka kwa kibali, akiipangusa kila Jumapili baada ya ibada.

Alipofariki, familia ilifanya lililo sawa. Iliipeleka bunduki kituo cha polisi, kwa kuwa kibali cha silaha hakirithiwi kama shamba au ng'ombe. Anayeitaka hana budi kuomba chake mwenyewe, akapigwa msasa na Bodi ya Kutoa Leseni za Silaha. Shemeji alingoja, akakipata, na bunduki ikapelekwa kwa fundi mwenye leseni jijini Nairobi ili ikaguliwe.

Mtutu ulikuwa mzima. Mtambo ulikuwa mzima. Kitako, yaani ile sehemu ya mbao inayoegemezwa begani, kilikuwa kimepasuka shingoni na kufungwa kwa waya wa shaba miaka mingi iliyopita.

Fundi alimpa njia mbili. Angeweza kununua kitako cha plastiki, ambacho ni imara, hakinyonyi maji na hakina sura. Au angeagiza kipande cha mti wa jozi kutoka ng'ambo. Jozi yenye maua mazuri, hasa ile ya Uturuki, huuzwa zaidi ya dola 1,000 kwa kipande kimoja ambacho hakijachongwa, kabla ya kulipa usafiri na ushuru. Kwa pesa hizo, kwetu hapa mtu anatafuta ng'ombe wa maziwa.

"Shemeji, kwani Busia hakuna miti?" aliniuliza tulipokuwa tukinywa chai.

Swali hilo lilituzungusha pande zote mbili za mpaka, kuanzia karakana za Busia hadi Tororo, kwa sehemu kubwa ya mwaka. Na kwa kuwa wengi wanaorudi kutoka ng'ambo hutaka kitu cha mbao nzuri, kiwe kitanda, mlango wa mbele au meza ya kuonyesha wageni, tuliyoyaona yanaweza kumfaa hata yule ambaye hajawahi kushika bunduki maishani.

Kwanza, maua ya mbao ni nini? Wauzaji wengi husema "mbao ya maua" wakimaanisha yoyote yenye rangi mbili. Maua halisi hutokana na jinsi nyuzi za mti zilivyokua. Mti uliokua wima bila kusumbuliwa hutoa nyuzi zilizonyooka, na ubao wake ni shwari kama ukurasa wa daftari. Mti uliopinda, uliobeba tawi zito au uliojeruhiwa zamani ukapona, nyuzi zake hujikunja. Ukiupasua na kuupiga randa, mwanga hugonga nyuzi hizo kwa pembe tofauti na ubao huonekana kana kwamba una mawimbi.

Hapo ndipo penye siri ya bei. Maua mazuri zaidi hukaa mahali ambapo mpasuaji wa mbao hapataki: kwenye panda, yaani pale shina linapogawanyika mara mbili, kwenye kisiki karibu na mizizi, na kwenye nundu. Sehemu hizi husumbua msumeno na hazitoi ubao mrefu wa kupaulia nyumba. Kwa hivyo hutupwa kando. Kwenye mashine za mbao tulizotembelea, vipande vya panda vilikuwa kwenye rundo la kuni, vikingoja akina mama wa mikahawa.

Narudia kwa faida ya wafanyabiashara wanaosoma ukurasa huu: vilikuwa kwenye rundo la kuni. Wanunuzi wa Ulaya na Marekani hulipia pesa nzuri panda ya mti wa jozi. Kwetu inapikia maharagwe.

Lakini kitako cha bunduki si meza, na si kila ua linafaa. Fundi wa Nairobi alikuwa ametupa masharti yake kwa simu na tukayaandika nyuma ya risiti. Kipande kiwe na urefu wa inchi 34, upana wa inchi 8 upande wa begani na unene wa inchi mbili na nusu. Maua yawe nyuma, kwenye sehemu pana. Shingoni, pale mkono unaposhika, nyuzi zipite moja kwa moja kufuata urefu wa bunduki. Mbele, chini ya mtutu, zinyooke pia.

Sababu ni teke. Bunduki ikilia, hurudi nyuma kwa nguvu, na nguvu zote hizo hupita shingoni. Nyuzi zikikatiza mshazari mahali hapo, kitako hupasuka kama kuni. Tulipoangalia picha ya kitako cha mzee tuliona ndivyo kilivyokuwa: kizuri mno, chenye mawimbi mpaka shingoni, na ufa ulifuata wimbi lile lile. Nako mbele, mbao isiyonyooka ikipinda kwa unyevu husukuma mtutu, na risasi huenda isikotumwa.

Tulianza upande wa Kenya, na tulianza vibaya.

Tulinunua ubao mnene wa mahogani kutoka kwa muuzaji mmoja aliyetuapia kuwa ulikuwa mkavu. Ulikuwa mwekundu, wenye michirizi, na bei yake haikuumiza. Shemeji aliuweka juu ya mabati ili jua "limalizie kazi." Baada ya wiki tatu, ncha zote mbili zilikuwa na nyufa za kuingiza kidole, na katikati ulikuwa umejipinda kama mgongo wa ngamia. Sitamlaumu muuzaji peke yake. Sisi ndio tuliouanika kama dagaa.

Mbao nene haikaushwi juani. Kanuni ya zamani ya maseremala ni kwamba ubao uliotundikwa kivulini, penye upepo, huhitaji takriban mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene. Kipande cha inchi mbili na nusu basi ni zaidi ya miaka miwili. Ncha zake hupakwa rangi kuukuu au nta ya mshumaa, kwa sababu maji hutoka haraka zaidi nchani kuliko ubavuni, na tofauti hiyo ndiyo huleta nyufa. Baina ya ubao na ubao huwekwa vijiti ili hewa ipite.

Utajuaje kuwa umekauka? Wenye uwezo wana kifaa cha kupima unyevu. Asiye nacho ana mizani ya sokoni. Pima kipande leo, andika kilo zake kwa chaki kwenye ubao wenyewe, kipime tena baada ya wiki mbili. Kikiendelea kupungua uzito, bado kinatoa maji. Uzito ukisimama kwa miezi kadhaa, kiko tayari kwa hali ya hewa ya hapo kilipo. Na Busia, ambako upepo wa Ziwa Victoria hauko mbali, si sawa na Isiolo. Mbao iliyotulia huku bado itajikaza kidogo ikipelekwa kwenye ukavu.

Mti gani, basi? Hapa kila mtu mpakani ana maoni, na kila mmoja ana shangazi aliyekuwa na kabati.

Anayefuata sura ya jozi atafute mti ambao Waganda huuita nkoba. Wazungu wameubatiza jozi ya Afrika ingawa hauna undugu na jozi. Ni wa ukoo wa mahogani. Ni wa kahawia inayong'aa kama dhahabu, wenye mistari myeusi myembamba, na ukipasuliwa kuelekea kiini hutoa michirizi kama utepe. Viwanda vya bunduki vya ng'ambo vimeutumia kwa vitako. Si mzito, na hupokea mafuta vizuri. Shida yake ni kwamba mpakani hauletwi kwa jina lake. Huchanganywa na mahogani nyingine, na itakubidi ugeuze mbao moja moja.

Muyovu, ambao masokoni Ulaya huitwa sapele au utile kulingana na aina, hutoka misitu ya Uganda na zaidi ya Congo. Mbao za Ituri na Kivu Kaskazini husafiri hadi Kampala, ambako mtaa wa Ndeeba ndio soko linalojulikana zaidi, kisha hufululiza kuja Busia na Malaba. Nyuzi za muyovu husokotana: miaka michache hupinda kulia, mingine kushoto, na ndiyo sababu ubao wake huwa na mikanda ya mwanga na kivuli.

Kuna pia ule wa Mlima Elgon, wanaouita loliondo au tiki ya Elgon. Ni wa jamii ya mzeituni, wenye mistari myeusi inayotambaa kama moshi. Mzuri kupindukia. Mzito pia kupindukia, na anayetembea na bunduki siku nzima atajuta, ingawa uzito hupunguza teke.

Kisha kuna miti ya nyumbani ambayo hakuna anayeihesabu. Mgrevilea umepandwa kandokando ya mashamba kuanzia Bungoma hadi Tororo, na watu huuona kuwa mti wa kuni na mbao za kupaulia. Pasua shina lake kuelekea kiini, si kwa kukata ubavu, na utaona miale mipana inayometa kama lesi ya kitambaa cha meza. Ni mwepesi na haufai bunduki yenye teke kubwa, lakini kwa bunduki ndogo au kichwa cha kitanda, sijaona cha bei ya chini chenye sura hiyo. Mwembe mzee uliokatwa kwa kuwa hauzai tena huwa na mawimbi na mistari ya rangi iliyoachwa na ukungu. Tahadhari moja: utomvu wa mwembe na vumbi la mgrevilea huwasha ngozi za baadhi ya watu. Funga pua, vaa mikono mirefu.

Na juu ya yote kuna mvule.

Mvule hauhitaji kutambulishwa kwa msomaji wa Busoga, Tororo wala Samia. Wazee walijenga nao, wakachonga nao mitumbwi, wakazikana chini ya vivuli vyake. Mchwa hauupendi. Ukipasuliwa huwa wa manjano, na kadiri unavyokaa kwenye mwanga hugeuka kahawia iliyoiva. Uzito wake ukikauka uko karibu na wa jozi. Nyuzi zake husokotana, hivyo ni lazima shingo ya kitako ichaguliwe kwa makini, na vitundu vyake ni vikubwa vya kuhitaji kuzibwa kabla ya kung'arishwa.

Mvule una ujanja mwingine. Ndani yake, hasa mahali mti ulipojeruhiwa, hujengeka mawe. Ni mawe kweli, ya chokaa, mengine madogo kama punje, mengine makubwa kama ngumi. Huwezi kuyaona kwa nje. Msumeno huyagundua kwanza, na meno yake hulipa.

Tatizo ni kwamba mvule mkubwa umeadimika. Mti unaochukua miongo mingi kukomaa umekatwa kwa misumeno ya injini kwa asubuhi moja, na wenye mashamba wachache ndio hupanda mwingine. Sikutaka safari yetu iwe sababu ya mmoja zaidi kuanguka. Shemeji naye, baada ya hasara ya mahogani, hakutaka kusikia habari ya mbao mbichi.

Tukavuka.

Kwa mgeni asiyejua, Busia ni mji mmoja wenye serikali mbili. Neno bodaboda lilizaliwa mpakani, siku ambapo vijana wa baiskeli walibeba watu baina ya vituo viwili vya forodha. Tangu kituo cha pamoja kilipofunguliwa rasmi na Marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni mnamo Februari 2018, maafisa wa nchi zote mbili hukaa chini ya paa moja. Kwa sadfa, ni mwezi huo huo serikali ya Kenya iliposimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma. Amri ya siku 90 ikarefushwa tena na tena, hadi Rais William Ruto alipotangaza kuiondoa Julai 2023. Katika miaka hiyo mitano, karakana za magharibi mwa Kenya zilizidi kutegemea mbao za Uganda, Congo na Tanzania. Ndiyo sababu leo seremala wa Busia, Kenya, akiulizwa mbao nzuri, huelekeza kidole upande wa pili.

Tuliingia soko la Sofia, tukauliza, tukaelekezwa Tororo. Barabara ile hukupeleka ukiutazama Mwamba wa Tororo ukikua mbele yako kama kichuguu cha mchwa wa ajabu. Wilaya ya Busia, Uganda, yenyewe ilimegwa kutoka Tororo mwaka wa 1997, na watu bado huzungumza kana kwamba ni boma moja.

Tororo ni mji wa reli. Kutoka hapo njia moja huenda Kampala na nyingine hukata kaskazini kuelekea Mbale na Soroti. Reli ilileta wafanyabiashara, na wafanyabiashara, wengi wao Wahindi, wakajenga maduka yenye veranda. Idi Amin alipowafukuza Waasia mwaka wa 1972, maduka yalibaki na mbao zake: kaunta, rafu, milango, mihimili ya dari. Nyingi ni za mvule, kwa kuwa siku hizo mvule ulikuwa mwingi.

Maduka hayo sasa yanabomolewa moja moja ili kupisha majumba ya vioo. Mabati huenda kwa mnunuzi wake, vyuma kwa mwingine. Mbao hutupwa uani kwa seremala, zikiwa na misumari, rangi ya kijani na mafuta ya taa ya miaka mingi.

Katika ua mmoja wa namna hiyo, nyuma ya jogoo aliyekasirika, tulikuta ubao uliokuwa juu ya kaunta. Unene wake ulikuwa inchi tatu kasoro. Upande mmoja ulikuwa umesuguliwa na viwiko vya wateja hadi kuwa laini kama sabuni.

Mwenye ua, mzee wa Kijapadhola, alitutazama tukiugeuzageuza.

"Mnataka kufanya nini na hiyo, wanangu?"

"Tunatafuta mbao ya maua, mzee," shemeji akajibu.

Mzee akachukua randa ndogo, akatema mate kiganjani, akakwangua nafasi ya upana wa mkono. Chini ya rangi ya kijani kukatokea mawimbi ya kahawia, manene upande wa mwisho palipokuwa panda ya mti, yakipungua hadi kunyooka kabisa futi moja mbele. Yaani yalikuwa pale pale yalipotakiwa. Hata jogoo alinyamaza.

Bei tuliyoafikiana, baada ya kukaa na kuulizana habari za familia, ilikuwa chini ya bei ya mbuzi wa wastani. Na mbao ilikuwa imekauka kabla shemeji hajazaliwa.

Hata hivyo, mbao kuukuu ina mitego yake. Tuliikagua kwa mambo matatu. Misumari iliyokatikia ndani, ambayo fundi mmoja huitafuta kwa sumaku ya spika ya redio iliyokufa. Matundu ya bungua, hasa yakiwa na unga mpya unaomwagika ubao ukigongwa, maana mdudu yu hai. Na nyufa za zamani zilizojaa rangi. Tuliupima uzito siku ile Tororo, na tena baada ya mwezi mmoja chini ya dari ya jikoni kwa dada yangu. Haukupungua hata robo kilo.

Sasa tuzungumzie karatasi, maana hapa ndipo wengi wetu hulia.

Kwanza, bunduki haivuki. Bunduki ya shemeji ilikaa Nairobi kwa fundi mwenye leseni siku zote tulipokuwa tukizunguka. Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, inamtaka anayetengeneza silaha kama biashara awe amesajiliwa, na Uganda nayo ina Sheria ya Silaha ya 1970. Seremala wa makabati anayekubali "kurekebisha kidogo tu" bunduki ya jirani anajiweka pabaya, naye jirani vilevile. Mpaka huu umeona silaha nyingi haramu, na maafisa hawacheki. Lililovuka mikononi mwetu ni ubao wa kaunta, mstatili, wenye rangi ya kijani. Ungekuwa umechongwa tayari kwa umbo la kitako, tungekuwa na maelezo mengi ya kutoa.

Pili, jina la mti lina uzito kuliko zamani. Katika mkutano wa mkataba wa CITES uliofanyika Panama mwezi wa Novemba 2022, nchi ziliafikiana kudhibiti biashara ya kimataifa ya mahogani ya Afrika ya jamii ya Khaya, ile ambayo Waganda huiita munyama. Pamoja nayo ziliingia Afzelia, yaani beyo ya kaskazini mwa Uganda, na jamii ya mninga ya Afrika. Haimaanishi kwamba zimepigwa marufuku. Inamaanisha kwamba haziruhusiwi kuvuka mpaka wa nchi bila kibali cha CITES, hata kama Busia na Busia zinatenganishwa na lango tu. Mvule, nkoba na muyovu hazikuwekwa kwenye orodha katika mkutano huo. Kwa upande wa beyo, Rais Museveni alikwisha kupiga marufuku ukataji wake kaskazini mwa nchi kwa amri ya mwaka wa 2023.

Basi muuzaji akikwambia "mahogani" tu, muulize mahogani ipi. Neno hilo moja huficha miti minne au mitano, mingine huru na mingine ya kibali.

Tatu, mbao halali ina mzazi. Uganda, mbao zilizopasuliwa hupaswa kuwa na alama ya nyundo na hati kutoka kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Misitu (NFA) au afisa wa misitu wa wilaya. Upande wa Kenya kuna kibali cha usafirishaji cha Shirika la Huduma za Misitu (KFS), na watu wa afya ya mimea wa KEPHIS hutaka kujua usiingize wadudu. Kwa mbao kuukuu kama yetu tulichukua barua ya muuzaji iliyoeleza ilikotoka, iliyoidhinishwa na mwenyekiti wa mtaa, tukaitangaza mezani na kulipa tulichoambiwa. Ilituchukua nusu siku. Wafanyabiashara wadogo wa bidhaa zilizo kwenye orodha ya Afrika Mashariki, zisizozidi thamani ya dola 2,000, wana cheti chepesi cha asili ya bidhaa. Ulizeni dawati la habari kituoni kama mbao mnazobeba zimo.

Najua kuna njia za panya. Najua pia kijana wa baiskeli angeuvusha ubao ule kwa bei ya soda mbili. Lakini mbao inayoelekea kwenye karakana ya silaha yenye leseni, ambako kila kitu huandikwa kitabuni, si kitu cha kuvushwa usiku.

Kwa wenye maduka ya mbao, mimi nina swali ambalo sijapata jibu lake. Mbona hakuna hata mmoja, Busia wala Tororo, anayetenga kona ya mbao za maua? Mtu akipanga panda, visiki na mbao za majumba ya kale kivulini, akazipaka nta nchani, akaandika tarehe na aina ya mti kwa chaki, atauza kwa maseremala wa Kisumu, watengenezaji wa magitaa na wanaorudi kutoka ng'ambo wakiwa na hamu ya meza ya nyumbani. Mtaji wake mkubwa ni subira, na labda ndiyo sababu kona hiyo haipo.

Shemeji aliutuma ubao Nairobi kwa basi la usiku, umefungwa kwa gunia. Siku ya nne simu ikalia. Fundi hakuwa na furaha.

"Mzee, umeniletea mti au umeniletea mwamba?"

Msumeno wake ulikuwa umegonga jiwe. Shukuru Mungu, lilikuwa pembeni, kwenye sehemu ambayo ingekatwa na kutupwa hata hivyo. Shemeji alilipia msumeno mpya, na hata baada ya kuongeza gharama hiyo pamoja na kazi ya kuchonga na mafuta ya kitani, hesabu haikufika nusu ya kipande kitupu cha jozi ya Uturuki.

Kitako kilimalizika baada ya miezi mitatu. Mawimbi yako nyuma, shingo imenyooka, na fundi aliacha sehemu ndogo ya ule upande uliosuguliwa na viwiko, chini ya bega, bila kuupiga randa. Jiwe lenyewe, dogo kama punje ya mahindi, lilirudishwa ndani ya bahasha pamoja na risiti. Kilichobaki cha kaunta alikichukua dada yangu, na sasa anakikatia sukuma wiki.